Waya Una Utomvu Gani?

Mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumzie mmea uitwao Tillandsia recurvata, uotao juu ya matawi ya miti, na wale walionisikia zamani wanajua nitakakofika: mmea huu si kimelea, haunyonyi mti. Nimeirudia hoja hii hadi nimejichosha mwenyewe, lakini watu wangali wanapanda ngazi na misumeno mkononi kwenda kuiokoa miti ambayo haijaomba msaada.

Tuanze na waya. Tangu kusini mwa Marekani hadi kaskazini mwa Argentina na Chile, ndugu huyu wa nanasi huota hata juu ya nyaya za simu, akajikunja kama kitufe cha majani ya kijivu, akachanua viua vya zambarau, akazaa na kutawanya mbegu. Wewe unayemwita mnyonyaji, hebu nieleze: waya una utomvu gani? Mizizi yake ni ya kujishikiza tu. Kazi ya kunywa hufanywa na majani, ambayo yamefunikwa na vigamba vidogo vyeupe. Yadondoshee maji, nawe utaona kijivu kikififia na kijani kikijitokeza, kwa kuwa vigamba vilivyolowa huacha mwanga upenye. Chakula chake ni vumbi na chumvichumvi ziletwazo na upepo na mvua. Huyu ni mpangaji asiyegusa chungu cha mwenye nyumba.

Najua kuna atakayesema, "Mbona mti wangu umekufa, na mimea hii imeujaa?" Bwana, umeanzia mkiani. Mti unapodhoofika hupukutisha majani, mwanga ukaingia hadi kwenye matawi ya ndani, na mpangaji wetu akastawi. Sikatai kwamba tawi likielemewa mno laweza kuvunjika. Mzigo, hata hivyo, si wizi.

Kosa la kuidhania vibaya mimea hii lina wakubwa zake. Jina Tillandsia lilitolewa na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, kwa heshima ya tabibu Elias Tillandz, ambaye husimuliwa kwamba aliugua baharini hata akaamua kurudi nyumbani Turku, Finland, kwa kuizunguka kwa miguu ghuba nzima iliyo kati ya Uswidi na Finland. Linnaeus alidhani mimea hii nayo huyachukia maji, kumbe huyanywa kwa mwili mzima!

Kuhusu namna inavyofunga vitundu vya majani mchana na kuvuta hewa ukaa usiku ili isipoteze maji, muda umenitupa mkono. Tuingie kwenye maswali, isipokuwa yule wa mti uliokufa, ambaye nimekwisha kumjibu.