IGF-1 katika damu na saratani ya tezi dume

Habari za jioni, ndugu zangu. Swali mlilolileta ni hili: mwanamume akipimwa damu akakutwa na IGF-1 ya juu, je, ana saratani ya tezi dume? Hapana. Lakini uhusiano upo, na inafaa tuujue ukubwa wake.

IGF-1 ni protini ndogo ya asidi amino 70. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, hutoa homoni ya ukuaji. Homoni hiyo ikifika kwenye ini, ini hutengeneza IGF-1 na kuimwaga kwenye damu. IGF-1 huziamuru seli zigawanyike, tena huzizuia zisife. Hilo la pili ndilo linalotutia wasiwasi, kwa kuwa seli iliyoharibika, iliyopaswa kufa, huendelea kuishi na kuzaana. Kiwango hupanda kabisa wakati wa kubalehe, kisha hushuka kadiri umri unavyosonga. Kwa hiyo majibu ya mzee wa miaka 70 hayasomwi kama ya kijana wa miaka 25.

Mwaka 1998 jarida la Science lilichapisha utafiti wa madaktari wanaume wa Marekani ambao damu yao ilihifadhiwa miaka mingi kabla hawajaugua. Wagonjwa 152 walilinganishwa na wenzao 152 wazima. Waliokuwa katika robo ya juu ya IGF-1 walionekana kuwa na hatari ya zaidi ya mara 4 kuliko wa robo ya chini. Watu walishtuka, na walikuwa na haki. Ila kwa idadi ndogo hivyo, hatari halisi ingeweza kuwa chini ya mara 2 au zaidi ya mara 10. Mwaka 2016, takwimu za tafiti 17 zenye wagonjwa zaidi ya 10,000 zilipounganishwa, tofauti kati ya moja ya tano ya juu na moja ya tano ya chini ikawa asilimia 29.

Tuifanyie hesabu. Tuseme kati ya wanaume 1,000 wenye kiwango cha chini wataugua 40. Kati ya 1,000 wenye kiwango cha juu wataugua kama 51. Maana yake 949 wana namba kubwa na hawataugua, na wale 40 wataugua na namba yao ndogo. Kwa mtafiti hiyo ni habari muhimu. Kwa mtu mmoja aliyeshika karatasi yake ya majibu, haimwambii afanye nini.

Na karatasi yenyewe ina mitego. IGF-1 karibu yote imeshikwa na protini zinazoibeba, hasa IGFBP-3. Iliyo huru haifiki asilimia 1. Kabla ya kupima, mtaalamu wa maabara huibandua, mara nyingi kwa asidi, kisha katika njia nyingi huongeza IGF-2, protini inayofanana nayo, kwa wingi ili protini zile ziishike hiyo na zisiirudie IGF-1. Hatua hiyo ikilegea, namba hupotoka. Halafu kuna vizio: nanomoli 1 kwa lita ni sawa na nanogramu 7.65 kwa mililita. Ukipata 20 mahali pamoja na 153 kwingine, usihangaike kabla ya kusoma kizio, kwani ni kiasi kilekile. Kukosa chakula na ugonjwa wa ini huishusha IGF-1, kwa hiyo namba ndogo si cheti cha afya.

Katika jimbo la Loja, kusini mwa Ecuador, wapo watu wenye ugonjwa wa Laron: miili yao haiitikii homoni ya ukuaji, hivyo IGF-1 yao ni ya chini mno na ni wafupi sana. Saratani kwao ni nadra kupita kiasi. Hilo linatupa fununu nzito kuhusu kazi ya IGF-1, lakini watu hao wamezaliwa hivyo. Usijinyime chakula kwa kutaka kuwaiga. Sindano za homoni ya ukuaji zinazouzwa kwa ajili ya kutunisha misuli huipandisha IGF-1 makusudi, hizo ziacheni.

Hatari kubwa zaidi ziko kwingine. Uingereza, mwanamume 1 kati ya 8 hupata saratani hii. Kwa wanaume weusi ni 1 kati ya 4. Baba au kaka aliyeugua naye huongeza hatari takriban mara 2 au zaidi. Ukiwa na mojawapo, zungumza na daktari kuhusu kipimo cha PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu, kuanzia miaka 45, usingoje 50.

Kabla ya kutolewa damu ya PSA, kaa saa 48 bila kumwaga manii na bila kuendesha baiskeli kwa nguvu. Ukiwa umetoka kuugua U.T.I. (maambukizi ya njia ya mkojo), subiri kama wiki 6, la sivyo PSA itapanda bure. Na kama unameza finasteride kwa ajili ya mkojo unaosuasua, mwambie daktari kabla hajasoma majibu: baada ya miezi kadhaa dawa hiyo huipunguza PSA kwa takriban nusu, na 2 iliyoandikwa hapo yaweza kuwa 4.