Kupaka waridi kwa rangi za maji katika unyevu wa Bagamoyo

Karibuni. Leo tunapaka waridi moja tu, maana mwenye kuliweza moja shada halimshindi.

Mafunzo mengi husema, "subiri dakika kadhaa." Hapa Bagamoyo, hasa masika, dakika hizo hazina maana: hewa ina unyevu, karatasi inachelewa kukauka. Wekeni saa kando, mwinamie karatasi muitazame inavyong'aa.

Karatasi iwe ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ya pamba ikipatikana. Nyepesi hujikunja, maji yakatuama. Brashi ni mbili za mviringo, namba 8 na namba 4. Vikombe viwili: kimoja cha kuoshea, kingine maji yake yabaki safi.

Anzeni katikati ya ua. Rangi nzito, mistari mifupi iliyopinda kama hilali, na kati yake muache nyuzi za weupe. Weupe huo ni karatasi yenyewe. Ukishaufunika, kuurudisha ni taabu. Mstari ukiwa bado mbichi, osha brashi, ikamue, gusa ukingo wake wa nje, vuta rangi itoke. Kadiri unavyokwenda nje, petali ziwe pana na maji yazidi. Petali mbili zinazogusana msizipake kwa mkupuo: zitaungana, ua liwe donge. Paka moja, ruka ya jirani, utairudia.

Sasa penye kuharibu kazi. Karatasi iking'aa, rangi husambaa laini. Mng'ao ukishafifia, ndani bado pana unyevu. Ukigusa kwa brashi iliyojaa maji, maji mapya yatasukuma chembe za rangi pembeni, utapata doa lenye kingo zilizochanikachanika. Likitokea, msiliguse! Kulifuta hapo hapo hulikuza. Likauke kabisa kwanza.

Rangi mnazinunua kwa msimbo wa chembe za rangi ulioandikwa kwenye tyubu, si kwa jina zuri. PV19, yenye wekundu wa waridi, huhimili mwanga. PR83, nyekundu ya zamani iitwayo alizarini, hufifia ukutani. Kivuli msitumie nyeusi: tieni kijani kidogo katika wekundu ule ule.

Majani ni ya mwisho. Kikonyo kimoja hubeba majani madogo 5 au 7 yenye kingo za msumeno. Kabla ya kuyapaka, gusa petali kwa mgongo wa mkono: zikiwa baridi, bado. Ukikaidi, kijani kitaingia kwenye wekundu na kugeuka kahawia. Feni iwashwe mng'ao ukishaisha. Mapema, upepo husukuma maji yaliyotuama.