Mfungo wa rangi

AKINYI: Karibuni tena, tuko Kisumu, na leo Wekesa amekuja na ubishi.

WEKESA: Nina swali tu. Mchoraji anasema, "Nasubiri Roho anishukie ndipo nichore." Kanvasi inakaa tupu miezi. Hiyo ni imani, au ni uvivu uliovaa kanzu?

AKINYI: Uvivu! Wachoraji wa ikoni, zile picha takatifu za Kanisa la Othodoksi, huomba na kufunga, lakini ubao bado lazima upakwe gesso, ule ute mweupe wa chokaa na gundi, tabaka kwa tabaka na kusuguliwa mpaka ulainike. Sala haiwapunguzii kazi hata moja. Uso huanza na rangi ya giza, unapandishwa pole pole hadi kwenye mwanga. Na kwa desturi jina lao hawaliandiki kwenye picha.

WEKESA: Hapo kwa jina wasanii wetu watakukimbia.

AKINYI: Waandike, kodi ya nyumba hailipwi kwa unyenyekevu. Ila wakati brashi iko mkononi, msahau yule atakayekusifu.

WEKESA: Na kufunga? Njaa haichanganyi rangi.

AKINYI: Funga rangi zenyewe. Bluu weka kando, kijani weka kando. Baki na nyeusi, nyeupe, nyekundu na ile manjano ya udongo. Mchoraji Anders Zorn wa Sweden anajulikana sana kwa hizo nne. Kijivu cha nyeusi na nyeupe, ukikiweka karibu na nyekundu, jicho linakiona kama bluu.

WEKESA: Sasa gugumaji nitalipakaje bila kijani?

AKINYI: Nyeusi na manjano zinakupa kijani, tena kilichotulia. Kwani ukienda ufuo wa Dunga hapa Kisumu mawingu yakiwa mazito, ziwa ni bluu? Ile bluu tunaitoa kwenye postikadi.

WEKESA: Haya. Subira nayo?

AKINYI: Rangi ya mafuta haikupi hiari. Tabaka la chini liwe na mafuta machache, la juu zaidi. Ukigeuza, la juu linakauka kwanza, la chini bado linasogea, na picha inapasuka.

WEKESA: Wengi wetu tuko na rangi ya akriliki, ile ya kuchanganya na maji. Inakauka kabla chai haijapoa.

AKINYI: Ndiyo maana mtu anashindwa kuacha! Anaongeza, anaongeza, mpaka anaua picha. Igeuze iangalie ukuta siku chache. Ipe Sabato.

WEKESA: Elimo Njau, aliyechora ile michoro ya ukutani kanisani Murang'a, Kristo akiwa Mwafrika kwenye vilima vya pale, alisema kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Lakini mwanafunzi asipoiga atajifunza wapi?

AKINYI: Aige mkono: namna ya kushika brashi, kuchanganya rangi. Macho asiazime kwa mtu. Mimi hivyo ndivyo ninavyomwelewa.

WEKESA: Na mteja akitaka machweo, maji ya machungwa, mtumbwi mmoja mweusi?

AKINYI: Mchoree machweo yake. Ila shuka ufuoni kwanza uutazame mtumbwi wenyewe. Umepakwa rangi, una jina ubavuni, kuna wavu umerundikwa ndani. Nani alikwambia ni mweusi?

WEKESA: Akiukataa?

AKINYI: Usimpunguzie bei. Picha iweke kando, atakuja mwingine anayeujua huo mtumbwi.