Gunzi la mahindi kwenye ufa: washauri wa majanga na mlima wetu wa Elgon

ZAITUNI: Karibuni tena wasikilizaji, popote mlipo, Mbale, Bombo, Arua, Kampala. Mvua imeanza hapa tangu alfajiri, mkisikia mabati yanalia nyuma yetu ndiyo hiyo. Mimi ni Zaituni.

HAMISI: Na mimi Hamisi. Mabati yaache yalie dada, maana leo habari yenyewe ni mvua.

ZAITUNI: Ni mvua na watu wanaolipwa kutushauri kuhusu mvua. Washauri waelekezi. Serikali inawaajiri, benki za maendeleo zinawaajiri, mashirika ya misaada pia, waje watazame mlima utaporomokea wapi, mto utafurika wapi, kisha waseme kifanyike nini. Wewe kaka Hamisi uliwahi kuwa ndani ya kazi hiyo.

HAMISI: Nilikuwa chini kabisa kwenye ngazi. Mkusanya takwimu na mkalimani. Kampuni ilitoka ng'ambo, sitaitaja. Tulipewa tableti na dodoso refu, tukapanda mlima Elgon, hapa mashariki mwa Uganda, siku nne. Siku ya pili tukafika kwa mama mmoja, mtu mzima, nyumba yake imekaa kwenye mteremko, kahawa mbele, migomba nyuma. Nikafika kwenye swali linalouliza kama kaya yake ina mkakati wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Ndiyo au hapana. Nikalitafsiri nilivyoweza. Akanitazama kidogo, akasema njoo.

ZAITUNI: Akakupeleka wapi?

HAMISI: Nyuma ya jiko. Kulikuwa na ufa ardhini, umepita katikati ya migomba. Akaokota gunzi la mahindi, akaliweka juu ya ufa. Akasema, mwezi wa tatu halikuingia. Mwezi wa nane liliingia nusu. Kisha akaliachia. Likazama lote, tukalisikia likigonga chini.

ZAITUNI: Subhanallah.

HAMISI: Yule mama alikuwa anapima mlima. Ana kipimo, ana miezi, anajua ardhi inakwenda upande gani. Nikarudi kwenye tableti. Majibu yaliyokubaliwa yalikuwa bima, akiba ya benki, au mbegu zinazovumilia ukame. Ufa haukuwa na mahali pa kuandikwa. Nikabonyeza hapana, tukaenda nyumba ya pili.

ZAITUNI: Na ripoti ilipotoka?

HAMISI: Sikuiona. Mwenyekiti wa kijiji hakuiona. Nilimuuliza baada ya mwaka, akaniambia nyinyi ndio mlioondoka nayo.

ZAITUNI: Wasikilizaji wetu wa mbali wanaweza kudhani ufa ni jambo dogo. Hapa kwetu si dogo. Tarehe 1 Machi 2010, kule Nametsi, wilaya ya Bududa, mlima ulishuka ukafukia senta nzima ya biashara, pamoja na kituo cha afya. Wengi hawakupatikana hata kuzikwa. Mwaka 2012 ukashuka tena Bumwalukani. Oktoba 2018 mto Suume ulishuka Bukalasi umebeba mawe na miti, watu zaidi ya 40 wakafa. Novemba 2024 ikawa zamu ya wilaya ya Bulambuli, kijiji cha Masugu. Na sisi wa huku chini hatukusalimika. Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilijaa, maji yakaingia mjini Mbale, tukazika watu zaidi ya 20. Mimi ninakaa Namakwekwe, hapahapa Mbale. Usiku ule sitausahau.

HAMISI: Na sababu zinajulikana. Elgon ni volkano ya zamani, udongo wake una mfinyanzi mwingi. Ukinyeshewa siku nyingi mfululizo unakunywa maji, unakuwa mzito, unaanza kuteleza juu ya mwamba. Watu wameongezeka, miti yenye mizizi mirefu imekatwa, na kila anayejenga anachimba mteremko apate kiwanja cha tambarare. Ukikata mguu wa mteremko, juu kutakaa juu ya nini? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere wameyaandika haya miaka mingi.

ZAITUNI: Basi kama yanajulikana, mshauri anakuja kutuambia nini tena?

HAMISI: Hapo ndipo ninapotaka tukae. Wengi wanafikiri kazi ya mshauri ni kugundua hatari. Hatari tunaijua. Kazi yake ngumu ni kujibu maswali matatu: nani atapiga kengele, fedha zitatoka mfuko gani siku hiyo, na watu watakimbilia wapi. Na majibu hayo hayazaliwi mlimani. Yanazaliwa kwenye hadidu za rejea, ile karatasi inayosema mshauri afanye nini na kwa siku ngapi. Karatasi ikisema leta ripoti, ataleta ripoti. Ikisema siku nne mlimani na miezi miwili ya kuandika, atafanya hivyohivyo, wala hajakosa.

ZAITUNI: Kwa hiyo kosa si lake peke yake.

HAMISI: Si lake peke yake. Aliyeandika hadidu hakuuliza gunzi.

ZAITUNI: Nami nina la kuongeza hapo. Nchi yetu ina sera ya majanga tangu 2010. Ofisi ya Waziri Mkuu ina kituo cha uratibu wa dharura kilichofunguliwa 2014. Tuna Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2021. Wilaya zinatakiwa kuwa na kamati za majanga. Makaratasi hayo yapo na ni mazuri, nimeyasoma. Lakini nenda wilayani uulize pikipiki ya ofisa wa majanga ina petroli kiasi gani.

HAMISI: Au kipimamvua kilichofungwa shuleni na mradi fulani, mradi ukaisha, mwalimu aliyekuwa anakisoma akahamishwa. Nimekiona kimoja kimejaa majani makavu. Kusoma kipimamvua ni kazi ya dakika tano kila asubuhi, lakini ni lazima awe mtu mwenye jina, na apewe hata muda wa maongezi wa simu ili namba ifike wilayani. Mshauri mzuri anaandika hilo. Kijiji gani, nani anasoma, anampigia nani, na mvua ikifika kiasi gani watu wa mteremko fulani wanalala kanisani au msikitini.

ZAITUNI: Tusiwakatishe watu tamaa kaka. Yapo yaliyofanyika vizuri, tena hapahapa Uganda.

HAMISI: Yapo. Kapelebyong, kule Teso, Novemba 2015. Msalaba Mwekundu wa Uganda walikuwa wamekubaliana mapema na wafadhili wao: utabiri wa mafuriko ukivuka kiwango fulani, fedha zinatoka zenyewe, hakuna kikao. Utabiri ukavuka. Wakagawa jerikani, dawa za kusafisha maji, magunia ya kuhifadhia chakula, kabla maji hayajafika. Hiyo ilikuwa miongoni mwa mara za kwanza kabisa duniani fedha za misaada kutoka kwa sababu ya utabiri, si kwa sababu ya maiti.

ZAITUNI: Lakini utabiri unaweza kukosea. Ukigawa magunia na maji yasije?

HAMISI: Waliliongea mapema, wakakubali kwamba mara nyingine itatokea. Ndiyo kazi ya ushauri niliyotaka kuisifu. Mtaalamu anakaa na ofisa wa fedha, anamweleza kwa hesabu kwamba kugawa bure mara mbili ni nafuu kuliko kuchelewa mara moja. Jerikani haiozi.

ZAITUNI: Na Karamoja?

HAMISI: Karamoja, kule kaskazini mashariki, ni ukame, ila wazo ni lilelile. Kwenye mradi wa tatu wa NUSAF, yaani mfuko wa jamii wa kaskazini mwa Uganda, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, kulitengwa dola milioni 10. Satelaiti zilitazama ukijani wa malisho. Ukijani uliposhuka chini ya kiwango, kazi za umma ziliongezwa ili familia zipate ujira kabla hawajauza mbuzi wa mwisho. Mtu aliyekwisha kuuza mbuzi wake hana cha kuanzia mvua ikirudi.

ZAITUNI: Hilo nimelielewa vizuri. Sasa nieleze hili linaloniumiza, kuhamisha watu. Kila ripoti inaishia na "wahamishwe".

HAMISI: Sentensi fupi kuiandika, ngumu kuiishi.

ZAITUNI: Baada ya 2010 walipelekwa Kiryandongo, mbali sana, kama nchi nyingine kabisa kwa mtu wa Bududa. Wengine walirudi. Halafu ikaja Bunambutye, Bulambuli chini, tangu 2019. Nyumba zimejengwa, barabara imenyooka, na niseme ukweli, waliohamia wanalala usingizi mvua ikinyesha. Hilo si dogo. Lakini nilikaa na akina mama kule. Mmoja aliniambia, hapa kahawa yangu haikubali, joto. Kahawa ndiyo karo, ndiyo mahari, ndiyo dawa. Malewa, yale machipukizi ya mianzi tunayokula, hayapatikani, mianzi iko juu. Makaburi ya wazee yako juu. Basi mume anapanda mlimani Jumatatu, anashuka Jumamosi.

HAMISI: Yaani nyumba imehama, shamba limebaki.

ZAITUNI: Limebaki, na anayelima analala kwenye kibanda pembeni ya ufa. Ningependa mshauri anayeandika "wahamishwe" akae wiki moja na mkulima wa kahawa, aandike na namna ya kulima juu bila kulala juu. Ruhusa ya mchana, tahadhari ya mvua, njia ya kushukia, na miti ya kivuli ipandwe kwenye kahawa ishike udongo.

HAMISI: Kwa ufupi niitaje Kasese, kule magharibi. Mto Nyamwamba ulifurika 2013 ukaingia hospitali ya Kilembe. Ukafurika tena 2020, hospitali ileile. Kujenga upya palepale bila kuuliza mto unataka kupita wapi, nalo ni janga la kupangwa.

ZAITUNI: Umoja wa Mataifa ulitangaza 2022 kwamba ifikapo mwisho wa 2027 kila mtu duniani awe amefikiwa na tahadhari ya mapema. Kila mtu, maana yake na yule mama wa gunzi.

HAMISI: Na imfikie kwa Lumasaba, lugha ya mlimani kwetu, au kwa Kiswahili anachosikia sokoni. Si kwa barua pepe ya ofisa.

ZAITUNI: Wasikilizaji, kama mko kwenye halmashauri au kamati ya kijiji na mshauri anakuja, ombeni hadidu za rejea kabla hajafika. Ni haki yenu kuuliza. Ulizeni ramani itabaki kwa nani, na nani atarudi kuisoma kwenu ikikamilika. Kaka Hamisi, yule mama yuko wapi sasa?

HAMISI: Nilipanda mwaka jana kumtazama. Ameshuka kwa binti yake, ng'ambo ya mto. Jikoni kwake pamebaki ukuta mmoja. Lakini kahawa ilikuwa imeiva, na nilimkuta palepale, anachuma. Pembeni ya ufa amepigilia vigingi viwili, ameunganisha kwa kamba. Gunzi, aliniambia, halitoshi tena.