Goti Linalomwamsha Mtoto Usiku

Matabibu na wauguzi wenzangu, mchana huu tuzungumze goti.

Mtoto wa miaka sita analetwa anachechemea. Juzi liliuma goti la kulia, leo kifundo cha mguu, na homa inakuja na kuondoka. Akili zetu zinakimbilia siko seli, homa ya baridi yabisi au usaha ndani ya mfupa. Si kosa, ndiyo tunayoyaona kila siku. Lakini lukemia kali ya limfu, saratani inayowapata watoto kuliko zote, nayo huweza kuanzia hapo hapo kwenye viungo.

Chanzo kiko kwenye uboho, ule ute wa ndani ya mfupa unaotengeneza damu. Chembe changa za saratani huzaliana mle mpaka mfupa unabanwa kwa ndani. Nyingine hupenya hadi kwenye utando wa mfupa au wa kiungo. Ndiyo maana mtoto analia kweli kweli, ukilipapasa goti unakuta halijavimba kiasi cha kilio kile. Na usiku halali. Mama akikwambia hivyo, weka kalamu chini umsikilize.

Pima picha kamili ya damu. Wengi wetu tukiona chembe nyeupe ziko sawa, tunashusha pumzi. Mimi naanza na chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Viungo vikiwaka kwa ugonjwa wa baridi yabisi, chembe sahani aghalabu hupanda. Zikiwa chini, au ziko kawaida tu huku mtoto anaungua homa, shtuka. Tena damu ya mkononi kuwa safi hakumalizi shauri, kwani chembe zile zaweza kuwa bado ziko kwenye uboho, na huo unachotwa kwenye mfupa wa nyonga.

Sasa prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe, ambayo ndiyo hasa iliyonileta. Mtoto anaandikiwa, baada ya siku chache anacheza mpira, na sisi tunasifiwa! Kumbe steroidi ni miongoni mwa dawa za kutibu lukemia yenyewe. Chembe zinapungua kwa muda, majibu ya uboho yanapotosha, ugonjwa unarudi na pengine umeshaizoea dawa. Kwa hiyo damu isomwe kwanza kwa hadubini. Ukibaki na shaka, mpe rufaa: Muhimbili, Bugando, KCMC, popote palipo karibu. Maumivu ya njiani, parasetamo. Diklofenaki hapana, chembe sahani zikiwa chini atavuja damu. Na kama steroidi alishapewa, hata kidonge kimoja, andika kwenye barua ya rufaa jina la dawa na tarehe.