Ua wa Umeme Huanzia Ardhini

Mhadhara kwa wafugaji wa kuku wa kienyeji, Lushoto

Ndugu wafugaji, mama zangu na wazee wangu, asanteni kwa kunipokea. Mmeniomba nieleze namna ua wa umeme unavyoweza kuwalinda kuku wetu dhidi ya kicheche, kanu, fungo, nguchiro na nyegere. Nitaanza na asubuhi moja ya Septemba nyumbani kwangu, nilipokuta kuku 11 wamekufa bandani, wengine wameng'atwa shingo tu bila kuliwa, ilhali taa ya mashine ya ua ilikuwa inawaka na waya ulikuwa mzima kuanzia mwanzo hadi mwisho. Nilipopima kati ya waya na nondo ya ardhini, yaani chuma kilichofukiwa na kuunganishwa na mashine, kipima kilionyesha zaidi ya volti 6,000. Mnyama alikuwa amepita katikati ya umeme wote ule, akala, akaondoka.

Ilinichukua siku kadhaa kuelewa. Mashine ya ua hutoa pigo moja fupi sana, kila baada ya sekunde moja hivi, na pigo hilo halimuumi mnyama mpaka lipate njia ya kurudi lilikotoka: kutoka kwenye waya liingie puani, lishuke miguuni, lipite kwenye udongo, lifike kwenye nondo iliyofukiwa na kuirudia mashine. Ndiyo maana ndege hutua juu ya waya huo na asidhurike, kwa kuwa miguu yake haigusi kitu kingine. Mwezi ule wa Septemba udongo wangu ulikuwa vumbi tupu hadi kina cha jembe, na nondo yangu ilikuwa moja tu, fupi, imepigwa mahali pakavu chini ya paa. Mnyama aliyesimama juu ya vumbi lile alikuwa kama yule ndege.

Kwa hiyo naomba anayepanga bajeti ya ua aanze na ardhi kabla hajauliza bei ya waya. Nondo tatu zilizopakwa zinki, zenye urefu wa mita 2, zipigwe mahali penye unyevu, kwa mfano pale yanapomwagika maji ya kuoshea vyombo, zikiachana mita 3 na zikiunganishwa kwa waya mmoja. Zisiwe karibu na nondo ya umeme wa nyumba. Acheni walau mita 10.

Hata hivyo, mama mmoja hapa ameuliza itakuwaje kiangazi. Kiangazi chetu ni kirefu, na nondo peke yake haitoshi. Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kuufanya wavu wenyewe wa chuma uwe ardhi, yaani njia ya pigo kurudi kwenye mashine. Wavu wa kawaida wa kuku usimamishwe kuzunguka uwanja, kipande chake cha chini kilazwe nje juu ya udongo kwa upana wa nusu mita, kifunikwe kwa udongo kidogo, kisha wavu wote uunganishwe na zile nondo. Waya wenye umeme upite nje ya wavu huo juu ya vihami vya plastiki, yaani vishikizo visivyopitisha umeme, mmoja kwenye sentimita 30 na mwingine juu kabisa. Kanu anapopanda, miguu yake imeshika wavu na pua yake inagusa waya, basi pigo halihitaji udongo tena. Nyegere naye, ambaye ni mchimbaji hodari, hukutana na chuma pale anapoanza kuchimba.

Nimetaja pua makusudi. Manyoya mazito huzuia umeme. Kuku wenyewe wanapougusa waya kwa mabawa hawahisi kitu, lakini wakiugusa kwa upanga wa kichwani hawarudii. Tembo nao wamejulikana kukata waya kwa meno yao, ambayo hayapitishi umeme vizuri, jambo wanalolifahamu wanaotunza nyua kama ule wa Aberdare nchini Kenya, wenye karibu kilomita 400, uliokamilika mwaka 2009. Ua unamfundisha mnyama pale tu anapouchunguza kwa sehemu yake laini, kwa hiyo uwashwe tangu usiku wa kwanza. Mnyama aliyezoea kupenya kwenye waya usio na umeme ni vigumu sana kumrudisha nyuma.

Kuhusu ule urefu wa sentimita 30, nausisitiza kwa sababu inaniuma. Waya wa chini sana huua kobe na kakakuona, kwani wao wakipigwa hawakimbii. Hujikunja au kujificha ndani ya gamba palepale, na mapigo yanaendelea hadi wafe. Wavu ukiwa imara chini, hamna haja ya waya wa sentimita 10.

Lipo jambo moja ambalo sitalizungumza kwa upole. Kuna watu wanaounganisha waya moja kwa moja na umeme wa nyumba. Umeme huo haukatiki kila sekunde kama pigo la mashine. Humshika mtu misuli ikakaza asiweze kujinasua, na atakayeushika kwanza huenda akawa mtoto anayefuata mpira. Tumieni mashine iliyotengenezwa kwa kazi hii, ya betri ya volti 12 yenye paneli ya sola, wekeni vibao vya tahadhari, na msitie umeme kwenye waya wa miiba kamwe, maana mtu au mnyama akinasa hawezi kujitoa.

Matengenezo ni ya kila wiki: kufyeka majani yanayogusa waya. Usiku ukisimama kimya karibu na ua, jani lenye umande linasikika, tap, tap, na cheche ndogo ya buluu inaonekana pale umeme unapovuja.

Mwewe hazuiliki kwa ua, na banda lazima lifungwe jua likizama. Sasa tutoke nje. Nimesimamisha mita 10 za ua kule kwenye vumbi, upande mmoja una wavu uliounganishwa na mwingine hauna, na ningependa mama aliyeuliza habari za kiangazi ashike kipima yeye mwenyewe, achomeke ncha yake kwanza kwenye vumbi, kisha aishikize kwenye wavu.