Mdhamini Ndiye Anayeulizwa

Wakutubi wenzangu, na ninyi viongozi wa vyama vya wanafunzi mliokaa kule nyuma karibu na mlango, karibuni. Sogeeni mbele, leo sidai faini ya mtu.

Nianze na bango. Asubuhi moja ya Jumatatu nilikuta mezani kwangu bango la rangi, limekwisha kuchapwa, la kongamano la Alhamisi ya wiki hiyohiyo. Chini yake, mahali palipoandikwa "Wadhamini", ilikaa nembo ya maktaba yetu, imevutwa ubavuni hadi kile kitabu kilichomo kikafanana na godoro. Pamoja na bango kulikuwa na barua ya mistari mitatu ikituomba udhamini "wa hali na mali". Yaani tulikuwa tumeshadhamini, ndipo tukaombwa.

Nikamwita kijana aliyeileta. Nikamuuliza, mnahitaji nini hasa? Akajibu, "Viti tu, mwalimu. Arobaini. Na projekta kama ipo."

Sasa, neno udhamini tunalirusharusha sana. Nendeni mahakamani mkaone mdhamini ni nani. Ni yule anayetia sahihi ili mtuhumiwa aende nyumbani; mtuhumiwa akitoroka, anayetafutwa ni yeye. Mfadhili ni mtu mwingine: anatoa fedha. Mbia naye ni mwingine kabisa, kwa kuwa anagawana faida na hasara. Na anayeazimisha viti si yeyote kati ya hao, ni mwazimishaji, kama maktaba inavyoazimisha kitabu. Maombi mengi yanayofika maktaba yameandikwa udhamini juu, na ndani ni viti. Kazi yetu ya kwanza, kabla ya kamati na mihuri, ni kumpigia simu mwombaji na kumuuliza kama nilivyomuuliza yule kijana.

Akisema ukumbi, mambo ni mepesi. Chama cha Maktaba cha Marekani, katika tamko lake la haki za maktaba la 1939, kilisema kumbi za maktaba zipatikane kwa masharti sawa kwa makundi yote ya jamii, bila kujali itikadi zao wala wanakofungamana. Ukumbi wa maktaba ya chuo huenda usiwe wa umma wote, lakini kanuni hiyo inatufaa ndani ya chuo. Kundi ninalolipenda na kundi linaloniudhi yanajaza fomu ileile, yanangoja zamu ileile. Ombi la ukumbi halihitaji kamati, linahitaji kalenda. Na kwa sababu sijachagua, sijadhamini: kwenye bango mtaandika "Mahali: ukumbi wa maktaba", basi. Nembo haimo.

Akisema jina, hapo ndipo tunakaa chini. Jina la maktaba linamwambia msomaji kwamba tumeangalia jambo hili na tunasimama nalo. Kwa hiyo tunauliza: jambo hili linahusu nini na kazi yetu? Maonyesho ya nyaraka kutoka hifadhi yetu, warsha ya kutafuta makala au kunukuu vyanzo, mazungumzo na mwandishi ambaye vitabu vyake tunavyo, haya yana mizizi kwetu. Kampeni ya mgombea wa serikali ya wanafunzi haina, hata kama mgombea mwenyewe anashinda maktaba kutwa. Ukumbi atapata kwa zamu yake. Jina, hapana. Tena tunataka mtu mmoja ndani ya chuo atakayewajibika, si "kamati ya maandalizi" ambayo tukio likiisha inayeyuka.

Fedha sitazikalia sana. Bajeti ya vitabu haigeuzwi kuwa ya chakula na fulana, na jibu hilo halibadiliki kwa kubembeleza.

Lakini kuna kitu ambacho hakuna barua inayokitaja, nacho kinatumaliza: saa za watu. Chukueni tukio la jioni linalodumu kwa saa mbili. Fundi anafika saa moja kabla na kuondoka nusu saa baada ya wageni, ni saa tatu na nusu. Wa mapokezi vilevile. Ongeza saa mbili za kuandika matangazo na kujibu barua pepe. Zimefika saa tisa za kazi, na bado sijamhesabu mlinzi wala anayesukuma viti kuvirudisha stoo. Tumesema "tumewapa ukumbi bure", kumbe siku nzima ya mtu imekwenda, na vitabu vilivyorudishwa vimelala kwenye toroli. Ndiyo maana ninaomba ombi lifike wiki sita kabla ya tukio, na ndiyo maana wiki za mitihani hatupokei kitu. Msiniite mkali. Kipaza sauti cha ghorofa ya chini kinasikika hadi chumba cha kusomea.

Upande wa pili wa jambo hili ni pale wenye fedha wanapokuja kwetu. Hapa nitakiri kosa langu mwenyewe. Kampuni moja inayouza hifadhidata ilijitolea kulipia semina yetu: vitini, mikoba, kila kitu. Nikakubali kwa simu, nikafurahi. Siku ya semina, nikiwa nimeshika mkoba wenye jina lao, mwenzangu wa ununuzi akaninong'oneza kwamba zabuni yao ilikuwa kwenye faili langu, inangoja tathmini yangu. Nilijitoa kwenye tathmini hiyo, na aibu ikanibaki. Tangu siku hiyo, anayetaka kufadhili anaulizwa kwanza kama anatuuzia kitu au anatarajia kutuuzia, na masharti yote huandikwa kabla ya kusema asante.

Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani ambaye fedha zake zilijenga maktaba zaidi ya 2,500 kati ya 1883 na 1929, alijua kuandika masharti. Mji ulioomba ulitakiwa kutoa kiwanja na kuahidi kutenga kila mwaka asilimia 10 ya kiasi alichotoa, kwa ajili ya uendeshaji. Baadhi ya miji ilitazama masharti hayo ikakataa. Mimi naiheshimu miji hiyo pia.

Kukataa kwenyewe kuna adabu yake: kataa mapema, taja sababu, onyesha mlango mwingine. Jibu la "tunalifanyia kazi" linalodumu mwezi mzima ni ukatili, maana mwenzako anaendelea kuchapa mabango.

Na wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kila tukio likiisha tunaandika ukurasa mmoja: waliofika, saa zilizotumika, kilichoharibika, kama tungekubali tena. Lile kongamano la Alhamisi limo humo. Walipata viti arobaini, wakafunika nembo kwa karatasi nyeupe, wakajaa hadi watu wakakaa kwenye ngazi za kupandia rafu. Safu ya "vilivyorudishwa" inaonyesha viti arobaini, projekta moja. Waya wake wa umeme bado hauna alama ya vema. Kama kuna yeyote kule nyuma anayejua ulipo, nitakuwa ofisini hadi saa kumi.